Namna ya kutambua na kutangaza spishi mpya ya kamba wa kina kirefu, hatua kwa hatua

Spishi mpya ya kamba ni nadra kugunduliwa siku nyavu zinapopandishwa. Hugunduliwa mezani, miezi au miaka baadaye, pale mtu anapochoka kumlazimisha kamba mmoja aingie kwenye jina lisilomtosha.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sayansi ya bahari, mwangalizi wa uvuvi aliyepangiwa kazi melini, au yeyote aliyeshika chupa ya kamba wekundu na hajui aanzie wapi. Nitaifuata njia ninayoitumia mwenyewe: kumdhania kila kamba kuwa tayari ana jina, na kulitafuta jina hilo mpaka majina yaishe. Ukianza kazi kwa hamu ya kupata spishi mpya, utaipata, na mwenzako ataifuta baadaye.

Kina kirefu tunakihesabu kuanzia mita 200 kwenda chini, pale mwanga wa jua unapokuwa hafifu mno kwa mimea kujitengenezea chakula. Kwa watu wa mwambao wetu huko si mbali. Mlango wa bahari kati ya Pemba na bara unafika karibu mita 800, na sehemu nyingi za pwani ya Tanzania na Kenya zina ukanda mwembamba tu wa maji ya kina kifupi kabla sakafu haijaporomoka. Wavuvi wa Tanga waliokuwa wakitega jarife kwenye miteremko hiyo walianza kuopoa silakanti mwanzoni mwa miaka ya 2000, samaki ambaye dunia nzima ilikuwa ikimtafuta kwa hamu. Kama samaki wa ukubwa wa mtu anaweza kukaa karibu hivyo bila kujulikana, usishangae kwa kamba wa urefu wa kidole.

Hatua ya 1: Kibali kabla ya kamba

Kwa Tanzania utapitia COSTECH, kwa Kenya NACOSTI, tume za serikali zinazotoa vibali vya utafiti, pamoja na idara ya uvuvi inayohusika. Ukitaka kutoa sampuli nje ya nchi au kusoma DNA yake maabara ya ng'ambo, Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali za kijenetiki ulioanza kutumika mwaka 2014, inahusika pia. Andika namba ya kibali kwenye daftari lile lile la sampuli. Wahariri wa majarida huiuliza, nawe utaitafuta siku ambayo barua pepe zimeshapotea.

Hatua ya 2: Pata kamba

Njia inayojulikana zaidi ni safari ya utafiti. Meli ya Dr Fridtjof Nansen, inayoendeshwa na Norwe pamoja na FAO, imekokota nyavu kwenye maji ya nchi zetu kwa vipindi tofauti, na KMFRI ya Mombasa, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, inayo meli ya RV Mtafiti. Lakini usisubiri safari kubwa. Msumbiji wana uvuvi wa kibiashara wa kamba wa kina kirefu, hasa Haliporoides triarthrus, wanayemwita gamba kwa Kireno, na mwangalizi aliyemo kwenye meli ya namna hiyo huona kamba wengi kuliko profesa yeyote. Muhimu ni vile vichache vinavyotupwa pembeni wakati wa kuchambua: vidogo, vyembamba, vyenye rangi isiyo ya kawaida. Omba ndoo yako iwekwe hapo.

Chanzo kingine ni matumbo ya samaki. Alepisaurus, samaki mrefu mwenye meno anayenaswa kwenye mishipi ya jodari, humeza kamba wazima na kukaa nao tumboni wakiwa karibu salama. Hujui kina walikotoka, lakini mwili unao.

Chanzo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji meli. Ni rafu za makumbusho. Mnamo 1908 meli ya Marekani iitwayo Albatross iliopoa mnyama mmoja wa jamii ya kamba kochi huko Ufilipino. Aliwekwa kwenye chupa, akakaa Washington, na mwaka 1975 ndipo wataalamu wawili Wafaransa walipomtangaza kwa jina Neoglyphea inopinata, mwakilishi hai wa kundi lililodhaniwa kufa lote zamani sana. Chupa zilizoandikwa "kamba, hajatambuliwa" ziko kila mahali, hata kwenye vyuo vyetu.

Ukiwa wewe ndiye unayekokota, vuta kwa muda mfupi. Nusu saa inatosha. Ukizidisha, mawe na sifongo vitawasaga kamba wote. Andika mahali na kina cha kuanzia na cha kumalizia, si kimoja tu. Halafu kumbuka jambo ambalo watu wengi hulisahau: nyavu ya kawaida haifungi mdomo inapopanda. Kamba uliyemtoa kwenye nyavu ya mita 600 huenda alikuwa akielea mita 300 juu ya sakafu na akanaswa njiani. Acanthephyra na jamaa zake huingia hivyo kila mara. Kwa hiyo usiandike "anaishi kwenye matope ya mita 600". Andika "alipatikana kwenye nyavu iliyokokotwa mita 600".

Hatua ya 3: Saa ya kwanza kwenye sitaha

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mtu kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kamba wa kina kirefu wengi ni wekundu. Rangi hiyo inatokana na astazanthini wanayoipata kwenye chakula, na inawafaa kwa sababu mwanga mwekundu wa jua haufiki huko chini. Mnyama mwekundu huonekana mweusi. Ukimtia kwenye ethanoli, rangi huyeyuka na kuondoka. Baada ya siku chache utakuwa na kamba mweupe kama wenzake wote. Na kuna spishi ambazo rangi ndiyo iliyowapa watu fununu ya kwanza kwamba si kitu kimoja. Kundi la Heterocarpus gibbosus, lililobeba jina hilo moja tangu 1888, liligawanywa mwaka 2010 na wataalamu wa Taiwan wakiongozwa na kazi ya maabara ya Tin-Yam Chan, na picha za kamba wabichi zilikuwa miongoni mwa ushahidi.

Basi piga picha kwanza. Weka ndoo ya maji ya bahari yenye barafu karibu na meza ya kuchambulia. Kamba ateuliwe haraka, asioshwe kwa maji baridi ya bomba. Mlaze ubavu wa kushoto ukitazama juu kwenye trei yenye kitambaa cheusi na maji kidogo ili nywele na papasi (vipapasio vya kichwani) zisinatane. Weka rula na namba ya sampuli ndani ya picha. Piga kwa juu pia. Kama ni jike mwenye mayai, piga mayai karibu: rangi na ukubwa wake vitakusaidia. Kama ana vidoa vya bluu vinavyong'aa kwenye ubavu au miguu, hivyo ni viungo vya mwanga. Vitafute kabla havijafifia. Kamba wa jenasi Acanthephyra hutema mdomoni majimaji yanayowaka anaposhtuliwa. Ukizima taa ya sitaha kwa dakika moja unaweza kuliona tukio hilo, ingawa nahodha hatafurahi.

Kisha kata kipande kidogo cha nyama au mguu mmoja wa kuogelea kutoka upande wa kulia, ukitie kwenye kichupa chenye ethanoli ya asilimia 95. Hicho ni cha DNA. Mwili uliobaki uingie kwenye ethanoli pia, kamba wakiwa wachache na kimiminika kikiwa kingi, ukibadilishe siku inayofuata kwa sababu maji ya mwilini hukipunguza nguvu. Baadaye maabara unaweza kuwahamishia kwenye asilimia 70 au 75, ili viungo visikauke na kukatika. Formalini iache. Inahifadhi umbo vizuri sana, lakini huharibu DNA kiasi cha kukufungia mlango.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi isiyoloa, iwekwe ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli. Lebo ya nje peke yake hubanduka.

Hatua ya 4: Kundi gani?

Umerudi maabara. Unahitaji hadubini ya kutazamia vitu vizima, vibano viwili vyenye ncha kali, sindano, kalipa na subira. Usianze na jina la spishi. Anza na swali la makundi makubwa matatu, na utalijibu kwa kutazama ubavu wa mkia, magando na matamvua.

Tazama pingili ya pili ya sehemu ya nyuma, ile tunayoila. Kama ubavu wake umelala juu ya pingili ya kwanza na ya tatu kwa pamoja, huyo ni wa Caridea. Atakuwa na magando kwenye jozi mbili za kwanza za miguu, au asiwe na ya kuonekana kwenye jozi ya kwanza, na jike hubeba mayai chini ya mkia. Kama kila ubavu unaufunika tu ule wa nyuma yake, na magando yako kwenye jozi tatu za kwanza, zote za ukubwa unaokaribiana, huyo ni wa Dendrobranchiata, kundi la kamba tunaowala wa maji ya kina kifupi. Matamvua yake yana matawi yanayogawanyika tena na tena, na mayai huyaachia majini. Kama magando ni jozi tatu lakini ile ya tatu ni kubwa mno kuliko nyingine, umepata Stenopodidea. Baadhi yao huishi wawili wawili ndani ya sifongo za kioo za vilindini.

Sasa familia. Kwa Dendrobranchiata, angalia vijiti vya papasi fupi: kwa Aristeidae kile cha juu ni kifupi sana, cha chini ni kirefu. Kwa Solenocera vimepanuka na kujikunja vikaungana kuwa bomba la kuvutia maji mnyama akiwa amejifukia mchangani. Mwiba ulio nyuma ya jicho, mbali na ukingo, utakuelekeza kwa Solenoceridae.

Kwa Caridea ninaanza na miguu. Mguu wa pili wenye "kifundo" kilichogawanyika pete nyingi ndogo, na wa kwanza usio na gando la kuonekana kwa macho: Pandalidae, na kwetu hao mara nyingi ni Plesionika au Heterocarpus, wa pili akiwa na matuta makali ya urefu kwenye gamba. Vidole vya gando vyenye meno kama ya kitana: Pasiphaeidae. Gando la kwanza linalokunjwa kwa kukingama badala ya kubana: Crangonidae. Miguu mirefu kama uzi, ambayo karibu yote imeshavunjika kwenye nyavu: Nematocarcinus, na pole, kwa sababu miguu hiyo ungeihitaji.

Kwa funguo za utambuzi, katalogi ya kamba wa dunia ya FAO ya mwaka 1980 bado ni mahali pazuri pa kuanzia, na inapatikana bure. Itakupeleka hadi kwenye spishi zinazovuliwa kibiashara. Zaidi ya hapo utahitaji makala za wataalamu, jenasi kwa jenasi.

Hatua ya 5: Pima, chora

Kipimo cha msingi ni urefu wa gamba kuu: kutoka ukingo wa nyuma wa tundu la jicho hadi katikati ya ukingo wa nyuma wa gamba. Usipime urefu wa mwili mzima ukautegemea. Mkia hunyooka na kujikunja, na upanga wa kichwani huvunjika.

Upanga huo uhesabie meno, ya juu na ya chini, na useme mangapi yako nyuma ya jicho. Kisha chora ramani ya miiba yote ya gamba kuu na mifereji yake. Miiba midogo haionekani kwenye gamba jeupe lililolowa. Paka rangi kidogo ya bluu ya methilini, itaingia kwenye mikunjo yote, na baadaye itaoshwa na ethanoli. Toa miguu na sehemu za mdomo upande mmoja tu wa mwili, ule uliokwisha kukatwa kwa ajili ya DNA. Upande mwingine ubaki mzima kwa ajili ya atakayekuja baada yako kukukagua.

Chora kwa mkono. Najua picha ni rahisi, na simu za siku hizi zinapiga vizuri. Lakini mchoro unakulazimisha uamue kila mwiba unaanzia wapi, na huwezi kuchora usichokielewa. Kamba wengi niliodhani ni kitu kipya walirudi kwenye majina yao ya zamani mchoro ukiwa katikati, na hiyo ndiyo faida yake.

Hatua ya 6: Mkanushe

Umefika kwenye kamba ambaye haingii popote. Hapa ndipo pa kumshuku kuliko mwanzo.

Uliza kwanza jinsia. Kwa Aristeidae wengi, kama Aristeus na Aristaeomorpha, jike aliyekomaa ana upanga mrefu na dume ana mfupi kabisa. Mtu asiyejua ataandika spishi mbili. Dume wa Dendrobranchiata ana kiungo maalumu kilichounganisha miguu ya kwanza ya kuogelea, kinaitwa petasma, na jike ana sahani kifuani kati ya miguu ya mwisho, teliki. Viungo hivi viwili mara nyingi ndivyo vinavyotenganisha spishi zinazofanana kwa kila kitu kingine, kwa hiyo vichore kwa makini kuliko upanga. Kwa Caridea tafuta kijiti cha ziada cha dume kwenye mguu wa pili wa kuogelea.

Uliza afya. Kama ubavu mmoja wa gamba umevimba, fungua taratibu: ndani ya chumba cha matamvua kunaweza kuwa na kimelea wa familia ya Bopyridae. Kimelea huyo huvuruga uzazi wa mwenyeji wake, na dume anaweza kupoteza alama za udume. Upanga uliovunjika ukaota upya nao huja na meno ya ajabu. Hao usiwajengee jina.

Uliza umri, na hili ndilo lililowanasa wataalamu wakubwa. Mwaka 1986 Williams na Rona walitangaza Rimicaris exoculata, kamba anayejazana kwa maelfu kuzunguka matundu ya maji moto kwenye safu ya milima iliyo katikati ya Bahari ya Atlantiki, mita elfu tatu na mia sita hivi chini. Mtu mzima hana macho ya kawaida. Ana kiungo cha kupokea mwanga hafifu kilicho mgongoni chini ya gamba. Miaka kumi baadaye akatangazwa kamba mwingine kutoka mazingira hayo hayo, tena akapewa jenasi yake: Iorania concordia. Mwaka 1997 akafuata wa rangi ya chungwa, Rimicaris aurantiaca. Mwaka 1998 vinasaba vikaonyesha kwamba wote wawili ni watoto wa Rimicaris exoculata. Macho, rangi na umbo vilikuwa vinabadilika wanavyokua. Hakuna aliyechora vibaya. Sampuli zilikosa hatua za katikati.

Kwa hiyo kusanya mfululizo: wadogo, wa kati, wakubwa, madume na majike. Ukiwa na kamba mmoja tu, inawezekana kumtangaza kisheria, na wakati mwingine hakuna njia nyingine kwa sababu nyambizi haitarudi pale. Lakini mimi ningesubiri.

Hatua ya 7: Soma yaliyoandikwa, hasa ya zamani

Majina ya wanyama yanahesabiwa tangu 1758, na jina la kwanza lililotangazwa kihalali ndilo linaloshinda. Hivyo ni lazima ujue nani alipita baharini kabla yako.

Kwa upande wetu wa Bahari ya Hindi orodha haiepukiki. Meli ya Kijerumani Valdivia ilizunguka 1898 hadi 1899 na kupita mwambao wa Afrika Mashariki; kamba wake walishughulikiwa na Heinrich Balss. Mabahiss, meli ya Misri, ilifanya safari ya John Murray mwaka 1933 na 1934, na Mmisri Ramadan akaandika juu ya kamba wa familia ya Penaeidae mwaka 1938. Kazi za Alcock kutoka India na za Bate kutoka safari ya meli ya Kiingereza Challenger zimejaa majina ambayo bado yanatumika. Kwa Madagaska na mlango wa bahari wa Msumbiji, Alain Crosnier wa Ufaransa amefanya kazi ambayo hutaweza kuikwepa, na kamba waliokusanywa kwenye safari za MIRIKY na MAINBAZA za mwaka 2009 wako kwenye makumbusho ya Paris.

Anzia WoRMS, daftari la mtandaoni la majina ya viumbe wa bahari, upate orodha ya spishi zote za jenasi yako pamoja na majina yaliyofutwa. Kila jina lifuate hadi maelezo yake ya kwanza. Mengi ya kabla ya karne iliyopita kuanza yamepigwa picha na kuwekwa bure na Biodiversity Heritage Library. Tengeneza jedwali lako: spishi upande mmoja, sifa upande mwingine. Maelezo ya zamani ni mafupi, mistari michache ya Kijerumani au Kilatini, na mara nyingi sifa unayoihitaji haikuandikwa. Hapo muandikie mtunzaji wa makumbusho yenye sampuli asilia, umwombe picha ya sehemu moja maalumu. "Naomba picha ya petasma kwa mbele" itajibiwa upesi. "Naomba picha zote" itakaa.

Hatua ya 8: DNA, kwa kiasi chake

Kwa kamba, vipande viwili vya DNA ya mitokondria hutumika zaidi: COI, kile cha msimbo chenye jozi 658 za besi, na 16S. Ongeza jeni ya kwenye kiini kama uwezo upo. Kama huna mashine, maabara ya kibiashara itakusomea ukiwapelekea DNA iliyokwisha kutolewa au kipande cha nyama.

Faida kubwa ya DNA ni ile ya Rimicaris: kuunganisha watoto na wazazi, madume na majike. Kamba wa vilindini wamewahi kuunganishwa hivyo hata na lava (watoto wachanga) wasiofanana nao hata kidogo. Cerataspis monstrosa alipewa jina mwaka 1828 na akabaki fumbo mpaka 2012, vinasaba vilipoonyesha kuwa ni lava wa kamba wa familia ya Aristeidae aliyekuwa akijulikana kama Plesiopenaeus armatus.

Tahadhari yangu ni hii. Hakuna asilimia moja ya tofauti inayotenganisha spishi kwa kila kundi. Linganisha na tofauti zilizopo kati ya spishi zinazokubalika ndani ya jenasi hiyo hiyo. Chunguza kama mfuatano wako una misimbo ya kukomea, yaani alama za kusimamisha usomaji wa jeni, katikati. Kamba wana nakala bandia za COI zilizohamia kwenye kiini, nazo huonekana kama spishi mpya kabisa. Na usiamini kila jina lililoandikwa GenBank, hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya DNA. Mfuatano usio na sampuli iliyohifadhiwa mahali, mtu akaenda kuitazama, ni fununu tu.

DNA ikisema tofauti na umbo likisema tofauti, endelea. Zikigombana, rudi hatua ya 6.

Hatua ya 9: Jina na makala

Chagua sampuli moja nzuri kuliko zote iwe holotaipu. Ndiyo itakayobeba jina milele. Nyingine ulizozitegemea ziwe parataipu. Tangu mwaka 2000 kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai sampuli inayobeba jina itajwe wazi na makumbusho yake yatajwe. Bila hivyo jina halipo.

Makala iwe na sifa bainifu kwa ufupi, maelezo marefu, michoro, vipimo, picha ya rangi, ulinganisho na spishi jirani zote, maana ya jina, na mahali alipopatikana. Sehemu ya sifa bainifu iandike mwisho, ukishajua ni nini hasa kinachomtenga. Kama jarida ni la mtandaoni, kazi isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla ya kutoka, na namba ya usajili ionekane ndani ya makala.

Jina lenyewe lina sarufi ya Kilatini. Kwa heshima ya mwanamume unaongeza -i, mwanamke -ae, mahali -ensis. Ivanov na Hassan walipochunguza kamba waliovuliwa na meli ya Van Gogh mbele ya pwani ya Afrika Mashariki, mwaka 1976 walitangaza Penaeopsis balssi na Solenocera ramadani, na sasa unajua walikuwa wakiwakumbuka kina nani. Neno la Kiswahili linaruhusiwa; likitumika kama nomino halibadiliki kufuata jinsia ya jenasi. Kujiita jina lako mwenyewe hakukatazwi, ila ni aibu.

Na jina lisitoke nje kabla ya makala. Usiliweke kwenye bango la mkutano, kwenye tasnifu wala kwenye kundi la WhatsApp. Likisambaa bila maelezo linakuwa jina tupu, na mtu mwingine anaweza kulitumia kihalali kwa kitu kingine.

Hatua ya 10: Sampuli ziende wapi

Gawanya parataipu. Baadhi zibaki nchini, kwenye taasisi yenye mtu wa kujaza ethanoli: Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwa mfano, au mkusanyo wa chuo uliosajiliwa. Nyingine zipeleke Paris, London au Cape Town, wanakopita wataalamu wa kundi hilo. Chupa zote zikiwa jengo moja, moto au umeme ukikatika kiyoyozi kikazimika, umepoteza yote.

Kusafirisha kwa ndege kuna utaratibu wake. Mimina ethanoli iliyozidi, funga kamba kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, tia kwenye mfuko wa plastiki uliozibwa kwa joto, kisha mfuko wa pili, halafu boksi gumu. Kanuni za usafiri wa anga zina kifungu maalumu, A180, kinachoruhusu sampuli za utafiti zisizo na maambukizi zikiwa na kimiminika kidogo namna hiyo. Kitaje kwenye karatasi ya mzigo, pamoja na nakala ya kibali chako. Holotaipu isitumwe pamoja na parataipu kwenye boksi moja. Na ukiwa umeazima sampuli kutoka makumbusho ya wengine, zirudishe zikiwa na lebo zao za zamani zote, hata ile iliyochakaa isiyosomeka, na uongeze ya kwako yenye jina ulilofikia, tarehe na jina lako.